Namna ya Kufundisha Lishe Bora Bila Kupoteza Wateja

Mwalimu Mkuu, sogea karibu. Wakubwa wanataka watoto wafundishwe lishe na unene upungue. Duka la shule linataka faida. Usihangaike. Yote mawili yanawezekana, hasa la pili.

1. Anza na ukuta. Mwite fundi achore makundi ya vyakula: nafaka, mikunde, samaki, mboga, matunda. Papai alipake rangi ya kuwaka. Mkaguzi hupiga picha ukuta, hapigi picha karai la chipsi.

2. Piga marufuku soda, hadharani. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa. Taja hesabu hiyo kikaoni, wazazi wapige makofi. Jumatatu leta kinywaji cha rangi ya embe chenye sukari ileile. Kwenye boksi kuna picha ya embe. Nani atabisha?

3. Yape matunda nafasi. Ndizi mbili zilizokwisha kuwa nyeusi, nyuma ya keki, bei mara mbili ya andazi. Zisiponunuliwa, andika kwenye ripoti: watoto hawapendi matunda.

4. Fundisha mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aushughulishe mwili wastani wa dakika 60 kila siku. Wanafunzi wanakili sentensi hiyo daftarini, wamekaa, kimya. Uwanja unahitajika kwa maegesho ya mabasi, na darasa la saba wana mtihani.

5. Msifu mzazi. Sare ikianza kubana, usitaje uzito. Sema, "Mama, mtoto kanawiri, mnamtunza." Atatabasamu, ataagiza sare mpya, nayo pia inauzwa dukani kwako.

6. Jihadhari na wasomi. Mmoja atakutajia Chile, ambako tangu 2016 vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi kupita kiasi hubandikwa alama nyeusi na haviuzwi shuleni. Mjibu kwa upole kwamba kila nchi ina mila zake. Yetu ni chipsi mayai.

7. Chakula chako mwenyewe kilie ofisini: maharage, mchicha, kipande cha papai, bila chembe ya sukari ya kuongezwa, kama daktari alivyokuagiza. Funga mlango kwanza. Watoto wakikuona, wataiga.