Sifa za Mwokota Vijiti

Wawindaji wamesifiwa vya kutosha. Mtu akimwangusha kifaru mwenye manyoya, kijiji kizima kinajua. Mimi leo namsifu raia mmoja wa Dawn of Man, mchezo wa kompyuta wa Madruga Works uliotoka Machi 2019, ambamo mchezaji hukabidhiwa watu wachache na mahema ya ngozi, awavushe kutoka Zama za Mawe hadi Zama za Chuma wasife kwa njaa wala baridi. Raia huyo utamtambua upesi. Nyama mbichi inaelekea kuoza, uchanja wa kuikaushia uko wazi, theluji imeanza kudondoka, naye anakatiza bonde zima kwenda kuokota kijiti.

Kimoja!

Mtazame anavyokwenda, hana papara. Nusu ya njia kiu inambana, anageukia mtoni. Akishakunywa, njaa nayo inadai haki yake, kwa hiyo anarudi kambini kula. Kula kukiisha, giza limeingia, na mtu aliyetembea kutwa anastahili kulala. Asubuhi anaianza safari upya, uso mkavu kama mtu anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Wewe umeshika kipanya, unampigia kelele kwenye kioo. Hakusikii, na heri asikusikie.

Maana nani alimtuma? Eneo lile la kuokotea vijiti ulilichora wewe mwenyewe wakati wa joto, ukaweka na idadi ya wafanyakazi, kisha ukahamia kwenye mambo makubwa ya kuchimba gumegume na kufuga mbuzi, ukasahau. Yeye hakusahau. Anaitekeleza amri ya bosi ambaye haikumbuki tena, kwenye baridi. Maofisini mtu wa namna hiyo angepewa cheti na picha ukutani. Hapa anaitwa mvivu, tena na yule aliyelundika kazi hadi asilimia ya mzigo wa kazi ikapita mia, halafu akaongeza hema jingine.

Wanaomcheka wajiulize pia mkuki umeundwa na nini. Ncha ya gumegume, sawa, lakini ncha bila mti ni kokoto tu. Jaribu kushusha kiwango cha vijiti kwenye orodha ya akiba ili bwana huyu apumzike. Atatii papo hapo. Utakuja kujua ulichofanya siku mikuki itakapokatika na kundi la nyati likapita mbele ya mabingwa wako waliosimama mikono mitupu.

Hata vita vinampa heshima yake. Wavamizi wakitokea, unapiga king'ora, watu wanakimbilia silaha. Mgaagaa na upwa wetu yuko ng'ambo ya vilima. Anageuka, anakimbia kwa moyo wote, anafika maiti zimeshalala na majeruhi wamejikokota mahemani. Hana hata mkwaruzo. Mkuu mwenye akili anahitaji walau mtu mmoja mzima wa kuanzia kazi kesho yake.

Ombi langu ni moja: akiwa katikati ya njia, usimwite. Ukimlazimisha kurudi, atakiacha kijiti pale pale kwenye theluji, na mwenzake aliyekuwa akianika ngozi ataziacha ngozi aende kukifuata.