Jinsi ya Kumnyima Usingizi Mla Pesa za Umma: Mwongozo kwa Watu wa Keroka

Mla pesa za umma haogopi matusi. Ametukanwa matangani, ametukanwa redioni, ametukanwa na vijana wa bodaboda stendi nzima, na bado nyama choma inashuka vizuri. Anachoogopa ni mama mtulivu mwenye bahasha ya kaki, anayesalimu kwanza, kisha anauliza: mradi huu uligharimu pesa ngapi, tenda alipewa nani, na kazi ilipokelewa na nani? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mama huyo.

Kabla ya kuuliza, jua unamuuliza nani. Keroka imekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Kaunti ya Kisii, eneo bunge la Nyaribari Masaba. Upande wa pili ni Kaunti ya Nyamira, eneo bunge la Kitutu Masaba. Katikati inapita barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Sotik, ambayo ni mali ya serikali ya kitaifa. Hesabu basi wenye pesa walioko mji huu mmoja: serikali ya kitaifa, kaunti mbili, na mifuko miwili ya maendeleo ya maeneo bunge, ile ya NG-CDF. Ukiuliza kuhusu mtaro ulioziba utajibiwa, "Huo ni wa upande ule." Ukivuka, utajibiwa vivyo hivyo na kidole kitakurudisha ulikotoka. Jibu hilo limewaokoa maafisa wengi, na dawa yake ni rahisi. Soko, zahanati, chekechea, taka na barabara za vijijini ni kazi ya kaunti. Madarasa ya msingi na sekondari, basari, ofisi ya chifu na kituo cha polisi kwa kawaida huguswa na NG-CDF. Barabara kuu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Ukishajua hilo, kidole cha afisa hakikuzungushi tena.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hazikuwahi kulikana, nalo ni ushuru. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Kisii na Nyamira zimevutana juu ya nani akusanye mapato ya Keroka, na wafanyabiashara wamelalamika kwamba wanatozwa huku na huku. Mama anayeuza ndizi asitupe risiti yake. Hicho ndicho kitambulisho chake cha mwenye mali. Risiti ikisema Kisii, Kisii inadaiwa choo cha soko. Ikisema Nyamira, Nyamira inadaiwa. Akiwa na zote mbili, aende ofisi zote mbili. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria imeziruhusu kwingine. Mkusanyaji asiyetoa risiti haikusanyii kaunti. Anajikusanyia mwenyewe, na ni halali kumwambia hivyo machoni pake.

Sasa tuje kwenye silaha yenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ilitungwa kutekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba, na naiona kuwa sheria nzuri kuliko nyingi tulizonazo. Inasema raia anaomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Huhitaji wakili wala mtoto aliyesoma Nairobi. Asiyejua kuandika, afisa analazimika kumsaidia ombi lake liandikwe. Hakuna ada ya kuomba. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Huwajibiki kueleza unaitakia nini taarifa hiyo, kwa hiyo afisa akikuuliza, "Umetumwa na nani?" mjibu kwa adabu kwamba umetumwa na Katiba. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14 kama taarifa ni nyingi.

Andika barua fupi. Taja mradi kwa jina na mahali. Omba vitu vinavyoshikika: mkataba, hesabu ya vifaa na kazi, hati za malipo, na cheti cha kupokea kazi. Usiandike "Tunataka kujua ufisadi wote uliofanyika", maana afisa atafurahi sana kukujibu kwamba hakuna. Toa nakala mbili, moja ibaki nao, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Mhuri ndio roho ya jambo lote. Bila mhuri, barua yako haikufika, wewe hukufika, na huenda hata hukuzaliwa.

Utasikia majibu matatu, na ni vizuri ujizoeze nyumbani. La kwanza: "Faili iko makao makuu." Uliza ni ofisi gani na nani anayo, uandike jina lake mbele ya aliyekujibu. La pili: "Hiyo ni siri ya mkataba." Sheria inatambua siri chache, kama usalama wa taifa na faragha ya mtu, lakini bei ya choo cha soko haimo. La tatu: "Mkubwa yuko semina." Mkubwa aende semina salama, siku 21 hazikwenda semina pamoja naye. Zikiisha bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman, ukiambatisha ile nakala yenye mhuri.

Ukipata karatasi, toka nazo nje. Linganisha. Ikiwa hati inasema mabati ya geji fulani, mtafute fundi wa mtaani ayaguse. Ikiwa inasema moramu ya kilomita mbili, panda bodaboda na umwangalie dereva mita yake. Angalia pia kama bei imepanda njiani: sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 hairuhusu mabadiliko yote ya mkataba yapandishe bei kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya mwanzo. Hii ndiyo hesabu ambayo mkandarasi anaombea usiijue.

Watu wamefanya haya na yakazaa matunda. Mwaka 2007, wakazi wa Changamwe kule Mombasa, wakiongozwa na shirika la haki la MUHURI, walizitafuta hati za miradi ya CDF, wakazipata baada ya kusukumana, wakaenda kukagua majengo wenyewe, kisha wakaitisha mkutano wa hadhara na kusoma walichokuta. Walipiga ngoma, wakacheza maigizo, mtaa mzima ukatoka. Nchini Uganda nako, utafiti ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yake. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa. Ilipofika 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Naamini kabisa kwamba ubao wa matangazo wa shule, ukiandikwa pesa zilizoingia na zilizotoka, unaweza kufanya kazi ya askari kumi.

Baada ya hapo ndipo tunapanda kwa waheshimiwa, kwa kuwa kuuliza ni kazi yao na wanalipwa kwayo. Kifungu cha 185 cha Katiba kinampa mwakilishi wadi (MCA) jukumu la kuisimamia serikali ya kaunti. Kifungu cha 96 kinaipa Seneti jukumu la kusimamia pesa za kitaifa zinazogawiwa kaunti, na Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa jukumu la matumizi ya serikali kuu. Kamati zao zina uwezo wa kumwita yeyote atoe ushahidi, sawa na Mahakama Kuu, chini ya Kifungu cha 125. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ofisi iliyoshikwa na Nancy Gathungu tangu 2020, anatakiwa atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni. Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua.

Ripoti hizo ziko kwenye tovuti ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu, kila kaunti na yake, hata mifuko ya NG-CDF. Pakua ya Kisii, pakua ya Nyamira. Usihangaike na kurasa zote. Nenda sehemu ya hoja za mkaguzi, pale anapoandika kwamba mradi umekwama au malipo hayana hati. Mkaguzi akisema ameshindwa kutoa maoni, maana yake vitabu havikumpa hata pa kushikia, na hilo ni baya kuliko kukosolewa. Chukua ukurasa mmoja unaohusu eneo lako, mpelekee MCA, umuulize: Mheshimiwa, ulisema nini siku hoja hii ilipojadiliwa? Kumbukumbu za vikao zipo. Ukisikia "tulijadili kwa kina", omba tarehe.

Kasoro kubwa ya usimamizi wetu wa bunge ni kuchelewa, na sitaificha. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye 200. Kamati maalumu ya Seneti ilipotoa ripoti yake mwaka 2020, ilikuta mashine ambazo hazikutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au hata jengo. Maswali yalikuwa mazuri, lakini yalikuja baada ya miaka mitano ya kulipa. Wewe unaona saruji ikiwa bado mbichi. Seneta anaisoma kwenye karatasi, mkandarasi akiwa ameshahamia kazi nyingine. Ndiyo maana swali la Keroka lazima litangulie la Nairobi.

Na meno yapo yakitumiwa. Tarehe 14 Machi 2024 Seneti ilimwondoa Robert Monda, naibu gavana wa Kisii, baada ya bunge la kaunti hiyo kumshtaki, yakiwemo madai ya kuchukua pesa ili amsaidie mtu kupata kazi katika kampuni ya maji ya Gusii. Alikanusha. Aling'olewa hata hivyo, naibu gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa njia hiyo. Kesi ile ilisimama kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekubali kuja kusema mbele ya Seneti.

Hapo ndipo penye ugumu wetu Wagusii. Mweka hazina wa kamati ya mradi ni binamu. Mkandarasi alichangia harambee ya karo. Mwakilishi wadi alikuwa wa kwanza kufika msibani. Nani atamuuliza mtu kama huyo habari ya risiti? Muulize wewe, kwa heshima yake yote: mwite mzee au mama, mpe mkono, ulizia watoto, kisha mwonyeshe barua. Aliyetumia vizuri hatakasirika, atakushukuru kwa kumsafishia jina. Na mwambie pia kuhusu Kifungu cha 226: afisa wa umma anayeidhinisha matumizi ya pesa kinyume cha sheria anawajibika kuilipa hasara hiyo mwenyewe, hata kama ameshatoka ofisini. Undugu hautamlipia.

Msiende mmoja mmoja. Mwalimu aliyestaafu asome hati, fundi apime, mama wa sokoni atunze risiti, kijana apige picha zenye tarehe. Barua iwe na sahihi nyingi, na nakala iende kwa maseneta wawili, Richard Onyonka wa Kisii na Okong'o Omogeni wa Nyamira, ili asiwepo wa kusema ni ya upande ule. Chagueni mradi mmoja tu mnaoupita kila siku na kuutilia shaka. Andikeni barua yake wiki hii, kwa Kiswahili, na msitoke ofisini bila mhuri.