Kilemba cha Ukoka kwa Fomu I-539

Watu wa pwani wanajua kusifu. Wameusifu mnazi kwa kuwa hakuna kinachotupwa: makuti huezeka nyumba, makumbi husokotwa kamba, kifuu kikawa upawa, tui likaingia mchuzini na tembo likaingia kichwani. Wamelisifu jahazi, wamemsifu bi arusi, na hata kiporo cha jana hakikosi wa kukitetea. Lakini fomu I-539 ya serikali ya Marekani haijapata hata ubeti mmoja. Huo ni utovu wa adabu, na makala haya yamekusudia kuurekebisha.

Kwa msomaji aliyejaliwa kutoijua: mtu aliyeko Marekani kwa kibali cha kazi cha muda, tuseme H-1B, akitaka kuwa mwanafunzi wa F-1 bila kutoka nchini, mlango wake ndio huo. Mwandishi wa sifa hizi, mzaliwa wa Kilifi, alikuwa ameajiriwa miaka minne na kampuni moja huko California. Kampuni ikapunguza watu. Kanuni iliyoanza Januari 2017 humpa mtu wa namna yake siku zisizozidi 60 awe amepata mwajiri mwingine, ameomba kugeuza hadhi yake au amefunga mizigo. Bahati nzuri alikuwa na barua ya kukubaliwa digrii ya uzamili katika chuo kimoja cha umma. Akaijaza fomu mwezi wa Mei, akijua masomo yanaanza Agosti. Fomu ilikaa naye miezi 11, muda mrefu kuliko aliokaa na mwenzake yeyote wa chumba, na mtu hakai na mgeni miezi 11 asijue tabia zake.

Sifa zake ndogondogo zipite haraka. Ina thamani: hadi mwisho wa Machi 2024 ada yake ilikuwa dola 370, na kuanzia 1 Aprili ikawa dola 420 kwa anayeijaza mtandaoni na 470 kwa anayetuma karatasi, yaani wapenda harufu ya wino hulipia mapenzi yao dola 50. Haitembei peke yake: kwanza chuo kitoe fomu I-20, kisha mwanafunzi alipe dola 350 aandikwe katika daftari la kompyuta la wanafunzi wa kigeni. Ni nyenyekevu. Stakabadhi yake, ile barua ya kwanza inayomfanya mtu arukeruke sebuleni, inatamka juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba haimpi aliyeipokea hadhi yoyote wala faida yoyote.

Na zamani ilikuwa na uzazi. Hadi Julai 2021, aliyeomba kugeuzwa mwanafunzi alitakiwa awe na hadhi halali isiyo na pengo mpaka zibaki siku 30 masomo yaanze. Fomu ya kwanza ikichelewa, na ilichelewa, mtu alituma I-539 ya pili kuziba pengo lililoletwa na kuchelewa kwa ya kwanza, pamoja na ada yake. Nayo ikichelewa, ya tatu. Tarehe 20 ya mwezi huo serikali ikaifunga kizazi. Bila shaka wapo mawakili wanaoikumbuka enzi ile kwa huzuni.

Lakini sifa iliyo mama wa sifa zake zote ni uzalendo. Si uzalendo wake kwa Marekani, la. Ni uzalendo wake kwa Kilifi.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, kifungu cha 214(b), humhesabu mgeni kuwa amekuja kulowea hadi athibitishe vinginevyo. Tangu sheria ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 1990, mwenye H-1B amesamehewa: anaweza kufanya kazi ya muda huku moyoni amepanga kubaki, na hakuna wa kumlaumu. Mwanafunzi hana ruhusa ya mioyo miwili. Yeye lazima awe na makazi nje ya Marekani ambayo hana nia ya kuyatelekeza. Basi mtu aliyeishi miaka minne akiruhusiwa kuisahau Kilifi, siku anapotia sahihi I-539 huamka ndani yake mapenzi ya kwao ambayo hata mama yake mzazi hakuwahi kuyaona.

Mama akiuliza “Utakuja lini?” huridhika na jibu la “Mungu akijalia.” Fomu hairidhiki na jibu hilo. Inataka mapenzi ya kwenu yawe na viambatisho. Kenya imejaribu kwa kila njia kumfundisha mwandishi huyu uzalendo: wimbo wa taifa kwenye paredi ya shule, hotuba za Madaraka, sherehe za Jamhuri zilizohitimishwa juani na chupa moja ya soda kwa watoto watatu. Hakuna hata moja iliyowahi kumwamsha saa tisa usiku, kwa saa za California, ampigie mjomba wake kuuliza shamba la babu lina ekari ngapi. I-539 iliweza. Ilimfanya akumbuke majina ya mashangazi na jinsi ya kuyaandika. Ilimfanya alipe deni la chama cha maziko cha kijijini, deni la miaka mitatu, ili apate risiti. Kwa wiki mbili alikuwa mzalendo kiasi kwamba angeweza kuteuliwa balozi.

Chanzo cha wiki hizo mbili kilikuwa barua ya Oktoba ya kutaka ushahidi zaidi. Wakati huo masomo ya Agosti yalikuwa yameshampita na chuo kimemsogeza hadi Januari. Haki itendeke: fomu haisemi mahali popote kwamba hatimiliki ni lazima. Ni mawakili na watu waliotangulia wanaosema kwamba hakuna kinachompendeza afisa kama kipande cha ardhi chenye muhuri. Mwandishi akampigia mjomba wake, anayeishi nje kidogo ya mji wa Kilifi.

“Hati?” alisema mjomba. “Mwanangu, hati ningekuwa nayo, wewe ungekwenda huko kutafuta nini?”

Hapo fomu iligusa kidonda kilichoitangulia kwa miaka mingi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili hati za ardhi katika ukanda wa pwani, ule wa maili kumi uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aliyepeleka dai likakubaliwa akapata hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, wenyeji wa ukanda huo, hawakuwa na karatasi ya kupeleka, kwani kwao ardhi ilikuwa ya mbari, haikuwa ya mtu mmoja na kalamu yake. Uhuru ukaja mwaka 1963, ardhi ya Mfalme ikawa ya Serikali, na wajukuu wa walioizika mifupa ya wazee wao humo wakaendelea kuitwa maskwota. Hati zimegawiwa na tawala mbalimbali, mara nyingi kwa hotuba na mahema, na mjomba amehudhuria hafla mbili kati ya hizo. Alirudi na kofia.

Kwa hiyo badala ya hati mjomba akaandika barua, kwa Kiswahili, kwa mkono, ikagongwa muhuri na chifu. Iliandikwa hivi: “Huyu ni mtoto wetu. Kwao ni hapa. Kitovu chake kimezikwa chini ya mnazi ulio nyuma ya jiko la mama yangu, na mnazi huo haujahama.”

Waraka usio wa Kiingereza sharti uambatane na tafsiri kamili na tamko la mfasiri kwamba lugha zote mbili anaziweza. Rafiki mmoja wa Tanga alijitolea, akamaliza jioni nzima kwenye neno “kwao.” Alijaribu nyumba; lakini nyumba ni ya mjomba. Alijaribu anwani; haipo, kuna sanduku la posta la shule ya msingi. Alijaribu makazi, yale ya kisheria, akaona aibu, maana makazi mtu huyahama na kwao hakuhamiki. Mwishowe aliandika kwamba mhusika ni wa pale, akaacha kitovu na mnazi kama vilivyo, akatia sahihi.

Desemba bibi yake mwandishi, mama yake mjomba, mwenye jiko na mnazi ule, akafariki.

Kuwahi kuzika haikuwezekana. Kwa Waislamu maiti haikai, na kutoka California hadi Mombasa ni zaidi ya siku moja njiani. Lakini matanga angeyawahi, na arobaini pia. Wakili alijibu ujumbe kwa sentensi moja: ukitoka nchini kabla ya uamuzi, ombi lako la kugeuza hadhi litahesabiwa umelitelekeza. Telekeza. Kitenzi ni kilekile. Serikali inataka uthibitishe kwamba hujatelekeza kwenu, na ushahidi mmoja usiohitaji muhuri wala mfasiri, yaani kwenda kumlilia bibi yako, ndio inaouita kutelekeza. Alihudhuria matanga kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Aliona dari zaidi ya alivyoona watu. Simu ilipozima chaji, hakuna aliyegundua kwa karibu nusu saa, na huko California alikaa akitazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi, akiwa na viambatisho 31 vya kuonyesha ana kwao.

Mwadhama fomu na asamehe. Sifa zinaendelea.

Msomaji makini atauliza kwa nini hakuondoka tu, akaomba viza ya F-1 ubalozini Nairobi, akarudi nayo. Njia hiyo ipo. Ni mahojiano ya dakika chache dirishani, Gigiri, kwa dola 185, na yakiisha kwa 214(b) hakuna rufaa. Anayetaka kujaribu tena hulipa tena. Kitanda, vitabu na amana ya nyumba vinabaki California. Ndiyo maana wengi huona afadhali fomu.

Afadhali hiyo nayo ina gharama zake. I-20 haitoki mpaka mtu aonyeshe fedha za mwaka mzima wa kwanza, ada na matumizi. Akishazionyesha, fomu humweka akisubiri, kazi ya H-1B imekwisha na ya F-1 haijaanza, haruhusiwi kuajiriwa, na kodi ya nyumba inadaiwa kila tarehe mosi. Fedha zilizothibitishwa Mei zikaliwa na kusubiri kuthibitishwa. Januari chuo kikasogeza masomo tena, kwa upole mkubwa. Upole huo haushangazi: katika vyuo vya umma vya California, mwenye H-1B anaweza kuhesabiwa mkazi na kulipa ada ya wakazi, ilhali mwenye F-1 hulipa ya wageni. Ni mtu yuleyule, chumba kilekile, basi lilelile la saa moja asubuhi, na kodi za miaka minne zilizojenga ukuta wa chuo hicho. Mwanafunzi wa kigeni hugomba na fomu, hulaani fomu, huota fomu, na kumbe fomu ni bawabu tu; wanaohesabu viingilio wamekaa ndani na kiyoyozi.

Na kile kiapo cha kurudi nyumbani? Serikali ileile inayokitaka inamruhusu mhitimu kubaki miezi 12 akifanya kazi ya fani yake, na kama fani ni sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, miezi 24 juu yake. Anayeuliza anajua, anayejibu anajua, na chuo kinalitaja hilo kwenye kijitabu cha kuvutia waombaji, penye picha ya vijana wakicheka chini ya mti.

Aprili jibu likaja: ombi limekubaliwa. Chini ya barua palikuwa na kipande cha kukata, ushahidi wa hadhi mpya. Ila hadhi si viza. Viza ni ule muhuri wa ndani ya pasipoti, na huo ulibaki wa kazi, uliokwisha muda. Mwenye F-1 ya namna hii anaweza kusoma hadi uzee; siku akienda kwao, hata kwa kusoma Fatiha kaburini, hawezi kurudi mpaka apitie dirisha la Gigiri athibitishe upya kwamba ana kwao. Na yeye angalau dirisha analo; kwa Mrundi hata dirisha si hakika: tangazo la rais lililoanza kazi 9 Juni 2025 lilisimamisha viza za masomo kwa raia wa Burundi, isipokuwa wachache.

Mwandishi alimweleza mjomba wake yote haya kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Jibu lilikuja kesho yake, nyuma yake kuku wakilia.

“Nimesikia, mwanangu. Sasa hebu nieleze kitu kimoja. Hao Wamarekani walisoma ile barua yangu, wakakubali kwamba wewe una kwenu na kwenu ni hapa?”

Kwa namna fulani, ndiyo, alijibu mwandishi.

“Basi nitumie nakala hiyo karatasi yao, yenye muhuri. Jumatatu naipeleka ofisi ya ardhi.”