Kumtetea Fisi

Tangu zamani fisi amechekwa kwa kushindwa na njia mbili, na nadhani ameonewa. Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotoka, nyumba nyingi nchini Kenya hujipeleka zenyewe kwenye njia panda ile ile: mtoto amepata alama nzuri, KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo, wamefungua maombi, na sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo Kikuu cha Kenyatta? Naomba kuusifu mtanziko huu, maana sijaona balaa lenye manufaa mengi hivi kwa watu lisiowahusu. Humaliza bando za simu, huwazuia wazee kusinzia, huchangamsha matanga. Lakini hayo ni madogo. Fadhila yake kuu ni kwamba hutoa elimu ya juu bila karo. Mjomba ambaye hajawahi kupita lango la chuo chochote huamka profesa. Atakueleza kwamba Nairobi iko katikati ya jiji, kwa hiyo kijana atafunguka macho. Shangazi atajibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kumpeleka Kahawa, nje kidogo kwenye Barabara ya Thika. Mjomba ataleta historia: Nairobi ilianza 1956 ikiitwa Royal Technical College. Shangazi naye atakumbusha kwamba Kenyatta palikuwa kambi ya jeshi, na nidhamu haitoki ukutani. Hakuna atakayetaja kwamba kati ya 1970 na 1985 Kenyatta ilikuwa chuo kishiriki cha Nairobi, yaani wanamshindanisha mama na bintiye. Wakifika kwenye udaktari, mambo hunoga zaidi, kwa kuwa wanafunzi wa Nairobi hujifunzia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na mjomba anaweza kuitetea Nairobi nusu saa nzima huku akiisifia Kenyatta.

Wako watakaosema nafanya mzaha na jambo zito, kwamba mwajiri hutazama jina la chuo kabla ya jina la mtu. Huenda. Ila tuwafuate hao wahitimu. Wa sheria kutoka vyuo vyote viwili hukutana Kenya School of Law, wakafanya mtihani mmoja. Wahandisi hupanga foleni kwenye bodi moja ya usajili. Madaktari hungoja wizara moja iwapangie hospitali za mafunzo kazini, na 2024 madaktari waligoma kwa wiki kadhaa, malipo ya hao wanagenzi yakiwa kiini cha mgogoro. Wahadhiri nao waligoma 2024, wakagoma tena 2025, na mgomo haukuuliza kama darasa lililofungwa liko mjini au Kahawa. Inaudhi, kusema kweli. Mzazi anauza shamba, mtoto anakaa nyumbani akingoja muhula uanze, na bado sebuleni tunabishana juu ya nembo ya kwenye fulana!

Tena hilo jina linalotuumiza vichwa, nani alilijenga? Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, akafundisha huko. 1982 alipojiuzulu ili agombee ubunge na kuzuiwa, chuo kilikataa kumrudisha na kikamtoa kwenye nyumba yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Desemba 1977, akaachiliwa mwaka uliofuata, na kazi yake ya ualimu chuoni humo hakurudishiwa. Leo wote wawili hutajwa kwa fahari kila sifa za chuo zinapohesabiwa. Ndiyo maana nasema mtanziko huu una adabu: unatuelekeza kwenye jina, kamwe hautuulizi waliolipa jina hilo walitendewaje, wala mshahara wa anayefundisha leo umelipwa lini.

Serikali ndiyo ingepaswa kuutungia mtanziko huu wimbo. Mwaka 2023 ilileta mfumo mpya wa ufadhili unaozipanga familia katika makundi kulingana na uwezo wao, na wazazi wakaanza kuuliza ni nani aliyewapima na kuwaona wana uwezo. Swali hilo lilifika Mahakama Kuu, ambayo Desemba 2024 iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, kabla ya Mahakama ya Rufani kuusimamisha uamuzi huo. Swali la Nairobi au Kenyatta halijawahi kumnyima waziri yeyote usingizi.