Nyumba Isiyo na Mtu Haimkosei Mtu

Waswahili walishatoa hukumu yao juu ya vitu vitupu waliposema debe tupu haliachi kuvuma. Aliyesema hivyo hakuwahi kupita Chaka, huku kwetu Kieni, kaunti ya Nyeri. Ukitoka Kiganjo ukashika barabara ya Nanyuki, Mlima Kenya ukiwa mkono wa kulia na Nyandarua kushoto, utazipita nyumba tupu ambazo hazivumi, hazikohoi, hazimwagi maji ya kufulia njiani wala hazikopi chumvi. Mimi ni mwalimu, mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili na bomba moja. Naandika haya saa nne usiku, jirani wa kushoto akisikiliza mahubiri, wa kulia akisikiliza mpira, na siwezi kutofautisha ni upande upi unaomlilia Mungu zaidi. Kwa hiyo nikiisifu nyumba isiyo na mtu, sisifu kwa kulipwa.

Ipo moja ninayoipita kila asubuhi nikienda shule. Vyumba vitano vya kulala. Paa la vigae vya maruni. Nguzo mbili nene mbele ya mlango kama za benki, geti jeusi lenye ncha za mikuki zilizopakwa rangi ya dhahabu, na ua wa kayaba uliokatwa ukalingana kama kichwa cha kurutu wa chuo cha polisi cha Kiganjo. Kwenye kioo cha dirisha la ghorofani stika ya kiwanda bado imeganda, imefifia kwa jua, na pazia lililo nyuma yake halijawahi kuvutwa. Nyasi za mbele ni za kununuliwa, na hakuna mtoto aliyewahi kuanguka juu yake. Nionyesheni nyumba yenye watu iliyo safi hivyo. Nyumba yenye watu ina weusi wa vidole karibu na swichi, ina mlango unaolia, ina harufu ya githeri iliyoshika chini ya sufuria. Hii ni bibi harusi ambaye bado hajashuka garini, na hajashuka mwaka wa saba huu.

Tena ina adabu mbele ya serikali. Usiku wa Agosti 24, 2019, makarani wa sensa walianza kubisha milango, wakauliza una mbuzi wangapi, unapikia nini, choo ni cha aina gani. Nyumba tupu haikuwapotezea muda. Walipomaliza, kaunti ya Nyeri ilikuwa na watu 759,164 katika kaya 248,050. Gawanya mwenyewe: ni watu watatu kwa kaya, wakati wastani wa nchi nzima ni 3.9. Miaka kumi kabla ya hapo tulikuwa 693,558, kwa hiyo hatujaisha. Tumekonda tu kwa ndani ya nyumba. Babu zetu walilala tisa katika chumba kimoja na moshi. Sisi tumefika watu watatu, na majumba tunayojenga yana vyumba vitano. Ukiufuata mstari huo kwa rula utafika kwenye jumba la vyumba vitano na mtu sifuri, yaani kilele cha maendeleo, na Chaka tumeshakifikia bila kusubiri ruwaza yoyote ya serikali.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, alieleza kwamba Mgikuyu alipojenga nyumba alihakikisha imekwisha siku hiyo hiyo na moto umewashwa ndani, kwa sababu nyumba iliyoachwa bila mtu ingeweza kuingiwa na pepo wabaya. Leo nyumba huchukua miaka tisa kuisha, na ikiisha hutiwa kufuli. Kama pepo walingoja muda wote huo, basi ni pepo wenye subira kuliko mafundi wetu. Ninaowaona mimi ni wapangaji wa aina nyingine. Kuna nyuki kwenye dari, upande wa jua la asubuhi. Kuna njiwa kwenye bomba la maji ya mvua, na bundi ambaye watoto wangu wa darasa la nne wanaapa kwamba ni bibi kizee. Hawaulizwi amana ya miezi miwili, hawaulizwi kabila, na hakuna anayewapandishia kodi kila Januari.

Wazee wa huku wanazijua nyumba tupu za namna nyingine. Kuanzia mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya mkoloni iliwang'oa Wagikuyu kwenye maboma yao na kuwasukuma katika vijiji vyenye uzio na mitaro. Zaidi ya watu milioni moja, katika vijiji zaidi ya 800. Maboma waliyoyaacha yalichomwa au kubomolewa. Ilihitajika bunduki kuwatoa watu katika nyumba zile. Sisi twaondoka wenyewe, kwa nauli yetu, na tunafunga na kuomba siku tatu ili tupewe viza.

Na hapo ndipo jumba langu la vigae linapopata baba na mama. Limejengwa na mtu anayefanya zamu mbili huko Marekani. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na sehemu ya fedha hizo imesimama hapa Kieni ikiwa na geti. Wengi wa wanaozituma, wale ninaowajua, kazi yao ni kuwatunza wazee: kuwageuza kitandani, kuwaogesha, kuwalisha uji kwa kijiko. Mtu anamgeuza mama wa mwenzake usiku kucha ili mama yake mwenyewe apate jumba la kuangalia mlima. Jumba lilipofika kwenye vigae, mama alifariki. Kaburi lipo nyuma, limejengewa marumaru, na kusema kweli ndiye mkazi pekee wa kudumu.

Nisiwasahau ndugu zake wadogo, yaani nyumba ambazo hazikufika kwenye paa. Hizo zina sifa zake. Kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, pesa ya saruji siku hizi husafiri kutoka ng'ambo hadi kwa binamu kwa muda mfupi kuliko binamu anavyotumia kuvuka barabara kwenda baa. Mwenye nyumba hutumiwa picha. Picha ya msingi, picha ya ukuta, picha ya lenta. Baadaye anakuja likizo na kugundua kuwa ukuta aliokuwa akiupokea kila mwezi ni wa jirani. Baki yake ni msingi, nondo nne zinazoelekea mbinguni, na mahindi yaliyoota sebuleni. Mahindi hayo huzaa vizuri. Binamu huyavuna.

Wapo pia watoto wa urithi. Baba alipanda kahawa upande wa Mathira, baridi kali ikaichoma kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa, akajenga nyumba ya mawe na kununua shamba la pili huku kwenye ukavu wa Kieni. Baba akafa bila wosia. Watoto saba, wake wawili, mawakili watatu. Nyumba imefungwa mpaka mahakama iseme, na kila mmoja ana ufunguo wa kufuli lake kwenye mlango mmoja. Nimehesabu makufuli manne. Ndiyo nyumba yenye ulinzi bora katika kata nzima.

Kuna nchi ambazo hazina shukrani. Uingereza, tangu Aprili 2024, halmashauri zinaruhusiwa kumtoza kodi mara mbili mtu aliyeacha nyumba tupu isiyo na samani kwa mwaka mmoja. Jiji la Vancouver huko Kanada lilianza kuzitoza nyumba tupu mwaka 2017, na sasa linachukua asilimia 3 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Wajapani walihesabu zao mwaka 2023, wakakuta milioni 9, wakaingiwa na huzuni. Sisi hatuna roho mbaya hiyo. Sheria yetu ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 haimgusi mwenye jumba tupu hata kidogo. Inanikata mimi, asilimia 1.5 ya mshahara, ili zijengwe nyumba nyingine. Napita mbele ya vyumba vitano visivyolaliwa, mkononi nina hati ya malipo inayoonyesha nimechangia ujenzi, naenda kupanga foleni ya bomba. Mtu akiniambia hapo hakuna busara, nitamuuliza kama amewahi kuona busara ikipanga foleni.

Tatizo la majirani zangu ni haraka. Wanaona nyumba imekaa miaka saba wanaanza kunung'unika. Gedi, ule mji wa Waswahili kule karibu na Malindi, ulihamwa karne ya 17, na mpaka leo wataalamu wanabishana kwa nini. Ukakaa mtupu, mibuyu na mizizi ikaingia misikitini, na mwaka 2024 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wanalipa kiingilio kuona vyoo vya watu wasiokuwepo. Hata hapa kwetu, nyumba inayojulikana kuliko nyingi mjini Nyeri ni kijumba cha Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, alichojengewa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1938. Alifariki humo mwaka 1941. Akaja Jim Corbett, mwindaji wa chui wala watu wa India, naye akafa mwaka 1955. Tangu pale wageni huenda kukitazama. Kwa hiyo jumba la Chaka halijachelewa. Lina miaka saba tu, lipe miaka mia nne.

Nami nilikosa subira hiyo, nakiri. Mwaka juzi mvua ya masika ilipoingia chumbani kwangu kupitia tundu la msumari, nilimwomba mlinzi wa jumba hilo namba ya bosi wake, nikapiga. Nikajieleza vizuri: mwalimu, mke mmoja, mtoto mmoja, hatuvuti sigara, tutakaa chumba cha chini tu na tutalipa.

"Hiyo haipangishwi, mwalimu," akasema kwa upole sana. "Hiyo ni ya familia."

"Na familia iko wapi?"

"Dallas."

Akanihakikishia kwamba wanakuja Krismasi. Sikuuliza ipi.

Mlinzi mwenyewe anakaa kibanda cha mabati nyuma ya kaburi. Ana ufunguo wa geti na swichi ya taa ya veranda, ambayo huiwasha saa kumi na mbili jioni na kuizima saa kumi na mbili asubuhi; mlango wa nyumba hana. Chini ya paa pana kamera nne, na mwenye nyumba huangalia kwa simu kutoka huko aliko. Siku ng'ombe wa jirani alipoingia kwenye nyasi, simu ya mlinzi ililia kabla ng'ombe hajafumba mdomo. Nilipomuuliza mlinzi kazi ikoje, alinijibu, "Mwalimu, miaka sita naichunga. Mlango naujua, kufuli naijua. Choo chake sijawahi kukiona."

Krismasi iliyopita walikuja kweli. Magari mawili ya kukodi, watoto wanne waliovaa kaptura katika baridi ya Chaka. Walipanga kulala siku nne. Usiku wa kwanza maji ya moto yalikataa, nyuki wakateremka kwenye kibaraza, na mtoto mdogo akalia mpaka alfajiri kwa sababu kulikuwa na giza nje, giza lenyewe, la bila taa za mtaa. Asubuhi wakahamia hoteli Nanyuki. Kabla ya kuondoka walimwita mlinzi asafishe.

Nilimkuta jioni ya Desemba 27 amesimama getini, mikono bado imekunjamana kwa maji.

"Mwalimu, nimekiona."

"Kikoje?"

"Ni kikubwa kushinda kibanda changu. Na kina dirisha. Ukikaa, unaona mlima wote, mpaka theluji." Akafikiri kidogo. "Nimekiosha, wakafunga, wakaenda na ufunguo."

Saa kumi na mbili ilikuwa imefika. Akaenda kuwasha taa ya veranda, na kabla hajarudi getini simu yake ikalia. Akaitazama, akanitazama, akaielekeza kidevu kamera iliyo juu ya nguzo.

"Ni bosi," akasema. "Anauliza naongea na nani."