Papa Sifuri

Jana kwa kinyozi, hapa Boga, Ituri, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho alinipisha kiti akisema, "Karibu, Papa Sifuri." Wote wakaangua kicheko kilichoendelea hadi nina wembe shingoni, siwezi hata kugeuka nione nani amecheka zaidi.

Jina hilo limetokana na Daktari Denis Mukwege. Alipotangaza kule Kinshasa, Oktoba 2023, kwamba anagombea urais wa Kongo, nilipita nyumba kwa nyumba nikimpigia debe. Mtu wa Nobel ya mwaka 2018! Mwanzilishi wa hospitali ya Panzi, kule Bukavu! Nikawaita majirani tumsikilize redioni. Walitaka moto, daktari akaongea polepole, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya maabara. Mama mkwe alikuwa na swali moja tu: "Kikwembe chake kiko wapi?" Maana kampeni kwetu ni kikwembe chenye sura ya mgombea, kofia, chumvi na sabuni. Nikamweleza kwamba huyu ana tuzo. Akauliza, "Tuzo inafulia nguo?" Betri zikaisha hapo hapo.

Siku ya kura, 20 Desemba, hata daktari nilimsahau kidogo kwa ajili ya mashine. Jamani, ile mashine! Unaingiza karatasi tupu, kwenye kioo zinatokea sura za wagombea urais zenye namba, unagusa moja, inakuuliza kama ndiye kweli, unakubali. Wanafuata wabunge wa taifa, kisha wa jimbo. Mwisho inachapa uliowachagua wote kwenye karatasi ile ile na kuitema, unaikunja, unaitia sandukuni. Na pamoja na ujanja wote huo, wa kuhesabu ni binadamu, karatasi kwa karatasi, kwa mkono. Ningeruhusiwa, ningepiga tena, kwa utamu wa kugusa tu.

Matokeo: Mukwege, asilimia 0.22. Ni kama watu wawili na kitu kati ya elfu. Majirani wameshapatana kwamba wale wawili wako Bukavu, na hicho "kitu" ni mimi.

Nikiwakumbusha kwamba ng'ambo ya mto Semliki, nchini Uganda, mwaka 2021, mgombea urais Bobi Wine alitangaziwa asilimia 35 naye hakutoka kwenye siasa, wananijibu: yule anaimba.

Hapo kicheko hunichachia. Mwisho wa Mei 2021, hapa Boga na jirani zetu Tchabi, watu wengi waliuawa usiku mmoja. Tangu mwezi huo huo Ituri inatawaliwa na wanajeshi ambao hakuna mashine iliyotuonyesha sura zao. Akaja mtu aliyeshona kwa mikono yake majeraha ambayo vita hii inawaachia wanawake, tukamwona hafai kwa sababu hakuleta chumvi. Na waliotuletea, ile chumvi ilikwisha kabla ya Krismasi, na wao hatujawaona tena.

Mama mkwe bado ananidai kikwembe.