Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Risasi Kikuubo Bila Kumiliki Bunduki

Vuta hilo kreti la soda ukae. Katika kichochoro hiki, ambako nusu ya maduka ya Kampala hununua sukari na sabuni kwa jumla, kila mtu ni bingwa wa kitu. Jirani yangu wa kushoto ni bingwa wa dola, wa kulia ni bingwa wa Arsenal. Wewe kuwa bingwa wa kushindilia risasi: yule mtu anayejipimia baruti, anayejichagulia kichwa cha risasi, kisha anapiga hesabu mpaka bunduki ilenge nazi mita 600. Kazi yenyewe haihitaji bunduki. Bunduki ingekuharibia.

1. Usihangaikie kibali. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inataka mwenye bunduki awe na cheti, na anayejitengenezea risasi chumbani bila leseni anajitafutia kitanda gerezani Luzira. Shukuru Mungu. Serikali imekuondolea shahidi pekee wa kukuumbua, yaani karatasi yenye matundu.

2. Weka programu ya balistiki kwenye simu. Itakuuliza kasi ya risasi inapotoka mtutuni, uzito wake, namna inavyopasua hewa, joto na mwinuko wa mahali. Hujui kasi? Mwingereza Benjamin Robins, mwaka 1742, alieleza jinsi ya kuipima kwa kupiga risasi gogo linaloning'inia na kuangalia limesukumwa kiasi gani. Wewe ning'iniza matumaini. Ila usiandike mita 800 kwa sekunde; andika 823.4. Desimali ni kama tai shingoni: haikuongezei akili, lakini watu wanakupisha. Na uzito usiutaje kwa gramu. Sema graini, ambazo zinaingia takriban 15.4 katika gramu moja. Mbele ya watu wanaopima gunia la kilo 50 kwenye mizani yenye stempu ya shirika la viwango, UNBS, mtu anayegombana na nusu graini ni mtakatifu.

3. Sasa jiografia. Hapa ndipo utakapovunia, kwa hiyo tulia.

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 11, hivyo risasi haikwamishwi sana, na huko mbali inashuka kidogo kuliko ambavyo ingeshuka pwani. Hilo ni kweli tupu. Liseme mapema, ili yanayofuata yapate pa kuegemea.

Kisha lipia kile kipengele cha mzunguko wa dunia. Wapigaji wa mbali, Ulaya na Marekani, hukihitaji, maana dunia inapozunguka, risasi yao husogea pembeni kidogo. Sisi tuko dakika 19 tu kaskazini ya ikweta, na ikwetani msogeo huo wa pembeni karibu haupo. Programu itafikiri, itazungusha kale kaduara, halafu itakuletea sifuri. Isome hiyo sifuri polepole, kwa sauti ya daktari. Akitokea kijana wa Makerere akakumbusha kwamba ukipiga kuelekea mashariki au magharibi, msogeo wa juu na chini ndio mkubwa zaidi hapa ikwetani, mpige begani: "Hilo nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya kesho."

4. Eleza yote kwa Kiswahili. Kwingine hii ni lugha ya mashairi na harusi. Kampala, masikio ya wengi bado yanaisikia kama lugha ya askari, na ya wale waliokuwa wakigonga milango usiku. Sema "mtutu" kwa Kiswahili mbele ya Muganda mwenye duka la ndoo za plastiki, hatakuuliza tena kama una bunduki. Atakuuliza kama unataka chai.

5. Mtaje Bell. Huyu Mskoti, W. D. M. Bell, aliwinda pembe za ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7 ambayo wenzake waliicheka. Sema: "Mimi na Bell tunaamini hesabu." Usiseme kwamba Bell alipasua mafuvu ya tembo ajue ubongo umekaa wapi, wala kwamba risasi alinunua za kiwandani.

6. Siku ikikufika mbaya, rafiki mwenye cheti akakupeleka uwanja wa shabaha, piga tatu tu. Mbili zikikaribiana, hilo ni kundi. Ya tatu ilipigwa na upepo. Piga picha kwa karibu, ya tatu ibaki nje ya fremu, kisha rudi kwenye simu uichezee kasi mpaka programu ikubaliane na karatasi. Mafundi wa kweli nao hurekebisha hivyo, isipokuwa wao hupiga nyingi na kuihesabu hata iliyowaaibisha.

7. Hatimaye mtu atataka uoneshe kitu hapahapa. Mwambie kwamba kwa nusu sekunde kila kinachoanguka hushuka mita 1.2 na ushee, iwe risasi, iwe sabuni. Nyosha kidole, funga jicho moja, na usirudi nyuma hata hatua moja. Ila, mzee wangu, kabla hujafunga hilo jicho, tazama juu ya lori. Yule mpakuzi aliyeshika katoni hana programu, mwenziwe wa kuipokea amekwenda kununua chapati, na hapo uliposimama ndipo anaporusha tangu asubuhi.